Tumezungukwa na maji, tunywe yapi? Maswali ya wakazi wa visiwani

Maswali ya namna hii husikika kwenye mialo ya Ukerewe, Ukara na Kome, visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Tanzania.

Ziwa lote hili! Kinyesi chetu kinaweza kulichafua?

Ziwa lote, hapana. Lakini hakuna anayechota ziwa lote. Tunachota hatua chache kutoka ufukweni, palepale tunapooga, tunapofua na, tuseme ukweli, karibu na majabali ambako wengi hujisaidia. Mvua ikinyesha, kilichoachwa nyuma ya jabali huteremka hadi kwenye ndoo. Kipindupindu na homa ya matumbo hupitia hapo. Mwenye mtumbwi achote kilindini, mbali na mwalo. Konokono wa kichocho hupenda maji ya kina kifupi yenye majani, hivyo huko ni wachache. Hata hivyo, maji hayo nayo yatibiwe kabla ya kunywewa.

Bibi yangu amekunywa maji haya maisha yake yote, na yu mzima.

Muulize kwa upole walizaliwa wangapi kwao, na wangapi walivuka miaka mitano.

Kuni hazipatikani. Nitachemshaje?

Klorini ya dukani haitaki kuni: fuata kipimo cha kwenye pakiti, koroga, subiri nusu saa. Lakini maji ya tope huimaliza nguvu, kwa hiyo yaache yatulie kwanza, kisha uyachuje kwa kanga safi iliyokunjwa mara kadhaa. Jua nalo husaidia. Jaza maji maangavu kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, uilaze juu ya bati kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kukiwa na mawingu, iache siku mbili. Na ukishayatibu, yahifadhi kwenye dumu au ndoo yenye koki. Kikombe kinachozamishwa ndooni na kila mkono kinarudisha uchafu uleule.

Maji yakigeuka kijani kama rangi iliyomwagika, usiyachote kabisa. Baadhi ya mwani huo hutoa sumu, na kuchemsha hakuiondoi.

Maji ya mvua je?

Mimi ningeanzia hapo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 30 likipata mvua ya milimita 20 linakupa karibu lita 600, yaani mapipa matatu makubwa. Maji ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege yamwage, na pipa lifunikwe.

Kisiwa chetu ni mwamba mtupu. Choo tutachimba wapi?

Usichimbe, inua. Jenga chumba cha matofali juu ya ardhi, uweke tundu linalopeleka mkojo pembeni, na kila anayetoka amwage majivu. Chumba kikijaa, kifunge mwaka mzima huku mkitumia cha pili. Pale panapochimbika, shimo liwe angalau mita 30 kutoka ziwani au kisimani.

Kigumu zaidi ni kambi za dagaa. Usiku wa giza watu hufurika, mbalamwezi ikitoka wanaondoka, na hakuna anayejenga choo mahali anapopita tu. Kwa maoni yangu jukumu hilo ni la tajiri wa mitumbwi, na BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, isiruhusu kambi isiyo na choo.

Nilimeza dawa za kichocho mwaka jana. Mbona kimerudi?

Prazikwanteli huua minyoo iliyomo mwilini, haizuii mipya kupenya ngozini ukiingia tena majini. Tena huku kwetu ni kichocho cha tumbo: usisubiri damu kwenye mkojo, angalia choo chenye damu na tumbo linalovimba. Maji ya kuogea watoto yaache siku mbili kwenye pipa lililofunikwa, lisilo na konokono. Vijidudu vya kichocho vitakuwa vimekufa, ingawa maji hayo bado si ya kunywa.

Mtoto anaharisha usiku na boti ni asubuhi.

Kama huna pakiti ya ORS (chumvichumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha), tia kwenye lita moja ya maji salama vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mnyweshe kidogokidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya. Akilegea, macho yakiingia ndani au akishindwa kunywa, usingoje boti ya asubuhi. Amsha mwenye mtumbwi wa injini.