Historia ya kizalendo ni kitu gani, na Chama cha Historia kiliijengaje

Binti ya dada yangu yuko kidato cha tatu, juzi kaja kwangu hapa Pasua, Moshi mjini, na daftari lake la historia akaniuliza, mjomba, mbona Maji Maji imekula kurasa nne kwenye notsi zangu afu Mangi Meli, yule chifu wa Wachaga wa hapo juu tu Old Moshi, kapewa mstari mmoja? Nikamwambia tuanzie mbali kidogo, maana ili umjibu mtoto swali hilo inabidi umwambie historia iliyoko kwenye daftari lake ilipangwa na nani na lini. Na ina jina, inaitwa historia ya kizalendo.

Kwa maneno ya kawaida, ni namna ya kuandika mambo ya zamani ambapo anayetenda ni mwenyeji, sio mgeni, na yote yanasimuliwa kama yanaelekea sehemu moja, yaani kwenye taifa lililokuja kupata uhuru. Hayo ni mambo mawili, na watu huwa wanashika la kwanza wanasahau la pili. Chukua vita vya Moshi vya 1892. Kwa jicho la Mjerumani ni ofisa wao von Bülow alipanda mlimani kumtia adabu mangi kijana mkaidi akauawa huko, mwaka uliofuata wakarudi na jeshi kubwa wakamaliza kazi. Ukiandika kizalendo mwenye habari anakuwa Meli, alitetea nchi yake akashinda, akashindwa 1893, akanyongwa 1900. Tukio ni lile lile ila aliyekaa katikati kabadilika, na mpaka hapo mi sina tatizo kabisa. Shida inakuja kwenye sehemu ya pili, pale unapoulizwa hiyo vita ya Meli inaunganika vipi na Tanzania, maana yeye alikuwa anapigania Moshi, Tanganyika kama nchi hata jina lilikuwa halijapewa, tena kuna wamangi wenzake kama Marealle wa Marangu waliokuwa upande wa Mjerumani.

Sasa mpango huu una watu wake. Chuo kikuu cha Dar kilifunguliwa 1961, mwaka ule ule wa uhuru, na 1963 idara ya historia ikapata mkuu wa kwanza, Terence Ranger, Mwingereza aliyekuwa ametoka kufukuzwa Rhodesia na serikali ya wazungu kwa ajili ya siasa zake. Mwaka huo huo kule Uingereza profesa wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, anatamka hadharani kwamba Afrika haina historia ya kufundisha isipokuwa ya Wazungu waliokuja, kilichobaki ni giza. Huyo ni profesa wa Oxford anaongea, sio mtu wa kijiweni, na vijana waliokuwa wanaingia chuo Dar wangeweza kabisa kufundishwa hivyo hivyo maana hata vitabu vya kusoma havikuwepo. Kulikuwa na jarida la mambo ya Tanganyika lililoanza 1936, lina vitu vizuri sana humo ndani hadi leo, ila waandishi wake wengi walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni, na afisa anaandika kile anachotaka kutawala.

Ndo 1966 kikaanzishwa Chama cha Historia Tanzania. Hiki ni chama cha kitaaluma, na watu wakisikia hivyo wanadhani ni wazee kukutana kunywa chai na kusomeana karatasi. Nguvu yake iko kwingine. Wizara ina silabasi lakini silabasi ni orodha ya topiki tu, mwalimu akisimama mbele ya darasa anahitaji kitu cha kusema, na chama ndo kikampa hicho cha kusema. Kilianza kutoa vijitabu vifupi, kila kimoja na mada yake, cha kwanza kiliandikwa na Sutton kuhusu mwambao wa Afrika Mashariki, afu Walter Rodney akaandika cha biashara ya utumwa Afrika Magharibi, Alpers akaandika cha biashara hiyo hiyo upande wetu huku, na Gwassa na Iliffe wakakusanya kumbukumbu za Maji Maji. Kijitabu kinafika kwa mwalimu, mwalimu anakigeuza notsi, notsi zinanakiliwa na mwanafunzi ambaye kesho ni mwalimu. Miaka hamsini na kitu baadaye ziko kwenye daftari la binti yetu na hajui hata kama kuna mtu aliwahi kukaa akazipanga.

Halafu 1969 chama kikatoa kitabu kizima cha historia ya Tanzania, wahariri ni Isaria Kimambo na Arnold Temu. Kwangu mimi hicho ndo kiini cha habari yote. Kila sura ina mtu wake, lakini ukiangalia mpangilio tu utaona taifa linavyojengwa: inaanza watu walivyofika na kukaa hapa, bara kabla ya 1800, mwambao na misafara, karne ya 19, Wajerumani na upinzani, halafu miaka ya kilimo cha biashara na shule, harakati za uhuru na ushindi wake, mwisho kabisa mapinduzi ya Zanzibar na safari ya kutoka uhuru hadi kujitegemea. Mkoloni kapewa nafasi yake lakini hakupewa mwanzo wala mwisho. Leo inaonekana kawaida, lakini kabla ya hapo historia ya nchi hii ilizoeleka kuanzia pale meli ya mgeni ilipotia nanga.

Na hapa lazima nimseme Kimambo vizuri maana ni wa kwetu, mzaliwa wa Upare. Yeye alirudi milimani kwao kuwauliza wazee wa koo, akaandika kwa mapokeo ya mdomo jinsi Washana, ukoo wa wafua chuma, walivyokuwa na nguvu Ugweno, Upare ya kaskazini, hadi ukoo wa Wasuya wakawapindua, na jinsi Mranga wa Wasuya alivyokuja kupanga upya utawala na mambo ya jando. Tarehe hazikuandikwa popote, kwa hiyo unahesabu vizazi, huyu kamzaa huyu, huyu kamzaa huyu, unalinganisha ukoo huu na ukoo ule, wakipishana unarudi kuuliza tena. Ni kazi ya jasho. Kabla ya hapo maneno ya mzee wa Ugweno yalikuwa yanaitwa hadithi, baada ya hapo yakawa ushahidi kama barua ya gavana ilivyo ushahidi. Mimi naona hii ndo zawadi kubwa kuliko zote, hata kuliko kile kitabu chenyewe.

Kwa Maji Maji ilifanyika hivyo hivyo, 1968 wanafunzi wa chuo walitumwa kusini kuongea na wazee waliokuwa bado wanakumbuka vita ya 1905 hadi 1907. Na sasa naweza kumjibu binti. Maji Maji ilikuwa ni dhahabu kwa wanahistoria wa kizalendo kwa sababu makabila mengi tofauti yalisimama pamoja chini ya imani moja ya maji ya dawa ya mganga Kinjekitile, kwa hiyo ukitafuta mbegu ya umoja wa kitaifa kabla ya TANU ya 1954, iko pale, unachora mstari kutoka Umatumbi, kule kusini vita ilikoanzia, mpaka uhuru. Meli hachoreki kirahisi kwenye huo mstari. Hakuwa mdogo kuliko Kinjekitile, ila umbo la hadithi lilikuwa linatafuta muungano, na vita yake ilikuwa ya nchi moja juu ya mlima.

Sisi wa kaskazini tunaingia kwenye hiyo historia kwa mlango mwingine, mlango wa kahawa na ardhi. Chama cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro 1925, chama cha ushirika cha KNCU kilichokirithi 1933, halafu kesi ya ardhi ya Wameru, waliofukuzwa Ngarenanyuki 1951 na Kirilo Japhet akaenda hadi Umoja wa Mataifa 1952 kuisema. Hiyo inakaa vizuri kabisa kwenye mstari.

Lawama zilikuja mapema. 1970 wanahistoria Denoon na Kuper waliandika kwamba hawa wa Dar wanaitafutia nchi taifa lake huko nyuma, yaani jibu wanalo kabla ya kuuliza, na Ranger akawajibu. Kubwa zaidi ilitoka ndani, maana Azimio la Arusha la 1967, lile la ujamaa, lilishaanza kubadilisha maswali, watu wakawa wanauliza mkulima na kibarua wako wapi humu, mbona tunasoma machifu na viongozi tu. 1981 Temu, yule yule mhariri wa 1969, akatoa kitabu na Bonaventure Swai kuikosoa historia ya aina ile aliyoijenga mwenyewe. Mi namheshimu sana kwa hilo. Kimambo naye hakuacha, 2017 alikuwa mmoja wa waandishi watatu wa historia mpya ya Tanzania, mwaka mmoja kabla ya kufariki.

Kitu kimoja kinaniuma, vile vijitabu nilivyovitaja vyote na kile kitabu cha 1969 viliandikwa kwa Kiingereza. Mzee wa Ugweno alitoa maneno yake kwa lugha yake, yakaenda Dar, yakarudi mjukuu wake anayakariri kwa lugha ambayo babu asingeielewa.

Binti nimemwambia kwenye pepa aandike Maji Maji kama alivyofundishwa maana ni kweli na ina uzito wake. Ila Jumamosi tunapanda Old Moshi, kuna mzee pale jirani na ule mti alionyongewa Meli, na binti kashaandika maswali kumi na moja nyuma ya daftari.