Arosto si uchu

Juzi hapa Ngamiani kijana mmoja kanambia ana arosto ya mkate wa ufuta. Wiki iliyopita mwingine alikuwa na arosto ya mpira, ligi imesimama. Jamani. Arosto ni mateso ya mwili uliozoea heroini unapoikosa. Hayo tu.

Uchu uko moyoni. Arosto iko tumboni, mifupani na puani. Huanza saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, yaani kipakiti cha heroini, hukaza siku ya pili au ya tatu, kisha hupoa kiasi cha wiki. Mtoto wa mama yangu mdogo ilimkamata Januari, kaskazi inapiga, jua la kupasua nazi. Yeye kajifunika blanketi barazani, vinyweleo vimemsimama kama kuku aliyenyonyolewa, miayo haikatiki, makamasi na machozi vinamchuruzika, chooni haondoki. Mama mdogo akasema malaria. Akapimwa mara mbili, hana.

Kinachonikera hasa ni mtu kumwona teja amesinzia wima, magoti yamekunjika, kidevu kifuani, naye haanguki, akasema "ana arosto". Huyo hana! Huyo keshapata. Mtazame macho: aliyepata, mboni huwa kama tundu la sindano, na hujikuna; mwenye arosto, mboni hutanuka hata juani. Ila aliyepata akiwa haamki hata akiitwa, pumzi inakwenda kwa kuvizia, midomo imeiva rangi ya zambarau, basi dozi imemzidi. Mkimbizeni hospitali, hayo maziwa mnayommiminia yatampalia.

Na hilo la "kubwia unga", yaani heroini, limepoteza wazazi wengi. Kubwia ni kutupia mdomoni, kama mtoto na sukari. Unga huu huvutwa, aghalabu ndani ya msokoto wa bangi (ndiyo kokteli), au hupigwa sindano. Ukingoja kumwona anabwia, utangoja sana.

Wengine humfungia mtu chumbani wiki nzima, arosto ikiisha wanasema kapona. Arosto imeisha, kweli, ila mwili umeshapoteza mazoea. Akirudia kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua. Ndiyo maana kuna dawa ya methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011: mtu huinywa kila siku mbele ya mhudumu, arosto isimrudishe kijiweni.

Yule wa mkate nilimwambia, mwanangu, sema una uchu. Akacheka, akachukua miwili.