Kurudi kwenye urubani ukiwa umevuka umri wa miaka 40: yasemwayo barazani na yalivyo

Visiwani kwetu ndege si anasa. Unguja hadi Dar ni kama dakika 20, Pemba nusu saa, na mtu anayepeleka mgonjwa au kuwahi mazishi hupanda bila kufikiri mara mbili. Ndiyo maana kila baraza lina mtaalamu wake wa urubani. Akitajwa mtu aliyewahi kuruka, akaacha, akafungua duka au akakaa nyumbani kulea, na sasa ana miaka 45 anataka kurudi, hukumu hutoka kahawa haijapoa. Nyingi ya hukumu hizo hazina msingi, na jambo lenye uzito zaidi halitajwi kabisa.

"Umri umeshampita huyo."

Umri upi? Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, hazina kikomo cha miaka 40 wala 50. Katika safari za biashara za kimataifa, ndege ikiwa na marubani wawili, kikomo ni 65. Zamani kilikuwa 60, kikapandishwa Novemba 2006. Mwenye miaka 45 ana 20 mbele yake.

Lisilotajwa barazani ni hili: ndege ikiwa na rubani mmoja, kikomo hicho cha kimataifa bado ni 60. Na ndege tunayoijua sana visiwani ni Cessna Caravan, yenye injini moja, iliyoundwa iweze kurushwa na mtu mmoja. Safari za ndani kila nchi huzipangia kanuni zake, kwa hiyo kabla ya kupiga hesabu ya miaka iliyobaki, mtu aulize TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania: kwa ndege ninayoitaka na safari ninazozitaka, kikomo changu ni kipi? Aulize TCAA, si Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano. Mamlaka ya Zanzibar inaendesha viwanja, leseni ya rubani haiko mikononi mwake. Wapo wanaopoteza wiki nzima kugonga mlango usiohusika.

"Macho yameshachoka, akivaa miwani tu basi."

Marubani wenye miwani wamejaa tele. Kinachopimwa ni macho yanaona nini yakiwa na miwani: 6/9 au zaidi kila jicho peke yake, na 6/6 yote mawili pamoja. Rubani anayehitaji miwani lazima awe na ya akiba karibu yake anaporuka.

Baada ya 40 shida huwa ni kuona karibu. Na hapa wengi hukosea, maana huenda Darajani wakanunua miwani ya kusomea, kioo kizima nguvu moja, wakaona yamekwisha. Kwa rubani hiyo haikubaliki. Ukiivaa unasoma ramani vizuri, lakini ukiinua uso kutazama nje, njia ya kurukia inakuwa ukungu, na huwezi kuwa unavua na kuvaa miwani huku unatua. Inayotakiwa ni nusu kioo unayoweza kutazama juu yake, au kioo chenye nguvu mbili au zaidi, ili jicho litoke kwenye saa za vipimo za ndege hadi nje bila mkono kugusa uso.

"Ana presha, ana sukari, wamwache apumzike."

Inategemea. Presha inayodhibitiwa kwa dawa zinazokubalika kwa marubani haimzuii mtu. Kisukari cha aina ya pili kinachotulia kwa chakula, au kwa chakula na vidonge vilivyoruhusiwa, nacho kinaweza kukubaliwa. Sindano za insulini ni habari nyingine, na kwa kawaida mlango hufungwa. Kinachowaponza watu ni kuacha vidonge siku chache kabla ya kupimwa ili waonekane wazima. Presha hupanda palepale kwenye kiti cha daktari.

Cheti cha afya cha daraja la kwanza hudumu miezi 12. Ukivuka 40 na unabeba abiria ukiwa rubani peke yako, ni miezi sita. Ukivuka 50, kipimo cha umeme wa moyo ni kila mwaka.

"Kuruka ni kama baiskeli, hakusahauliki."

Nusu ya kweli. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014, uliofanywa kwa marubani wa Boeing 747 kwenye simuleta, yaani mashine ya mazoezi inayoiga ndege, ulikuta kwamba ustadi wa mikono haupotei sana hata usipotumika mara kwa mara. Kinachopungua ni kazi ya kichwa: kujua uko wapi, kinafuata nini, na kugundua kuwa chombo fulani kimekudanganya. Na hao walikuwa bado kazini.

Aliyeacha 2007 ataweza kutua na upepo wa kaskazi unaomsukuma kutoka kulia, kwa kuwa njia ya kurukia ya Unguja bado inaelekea kusini na kaskazini vilevile. Lakini fomu ya mpango wa safari ilibadilishwa Novemba 2012, ramani za karatasi zimehamia kwenye tableti, na Caravan mpya tangu 2008 hutoka na skrini mahali pa saa za mishale. Hapo ndipo atakapotoka jasho.

"Leseni imekufa, aanze upya."

Saa za kuruka zilizoandikwa kwenye kitabu cha rubani hazifi. Vinavyokatika ni cheti cha afya, idhini ya aina ya ndege, idhini ya kuruka kwa kutegemea vyombo bila kuona nje, na sharti la kuruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90. Mtihani wa Kiingereza nao: wa kiwango cha nne hupimwa tena kila miaka mitatu.

"Atarudi kwenye kiti chake cha ukapteni."

Pengine, si mara moja. Kampuni nyingi kubwa hupanga watu kwa tarehe ya kuajiriwa, kwa hiyo kapteni wa zamani anaweza kuanza kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, na kushoto kwenye kiti cha kapteni amekaa kijana wa rika la mwanawe. Kwetu hili lina uzito wake. Kijana amemwamkia shikamoo asubuhi, anamwita mzee, halafu dakika kumi baadaye anatakiwa kumwambia, "Mzee, umesahau orodha ya ukaguzi." Akiona haya akanyamaza, adabu imegeuka hatari. Ni juu ya mkubwa kulimaliza mapema, kabla injini haijawashwa: hapa wewe ndiye kapteni, ukiona kosa lolote niambie. Mimi ningemwajiri anayeweza kusema hivyo kabla ya mwenye saa nyingi.

"Alipie mafunzo kwanza, daktari baadaye."

Kinyume chake. Simuleta za ndege kubwa ziko Addis Ababa, Johannesburg na kwingine; nauli, hoteli na ada ni fedha za kuuza kiwanja. Daktari aliyeidhinishwa aje kwanza, kisha kitabu cha saa kipelekwe TCAA waseme kinakosekana nini, ndipo mfuko ufunguliwe. Wakati wa masika wageni ni wachache na ndege nazo zimepungua. Kuanzia Juni kazi hurudi. Anayetaka kuwa tayari Juni amwone daktari Januari.