Risasi ndogo za kijeshi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kuhusu bunduki za kijeshi za kipenyo kidogo, yaani zenye mtutu na risasi nyembamba, dai linalorudiwa mara nyingi ni kwamba risasi ya milimita 5.56 ilibuniwa makusudi ijeruhi tu bila kuua, kwa hesabu kwamba majeruhi mmoja huwashughulisha wenzake wawili wa kumbeba. Dai hilo lina mantiki ya kuvutia, na pengine ndiyo maana limedumu, lakini halimo katika masharti ambayo Jeshi la Marekani liliwapa wabunifu mwaka 1957. Masharti hayo yalitaka bunduki nyepesi ambayo risasi yake ingetoboa kofia ya chuma katika umbali wa yadi 500, yaani takriban mita 460, na ambayo madhara yake mwilini yasingepungua yale ya karabini ya M1, bunduki fupi na nyepesi ya jeshi hilo.

Kilichopunguza kipenyo ni uzito na umbali. Ripoti ya mtafiti Norman Hitchman ya mwaka 1952, iliyotayarishwa kwa ajili ya jeshi hilo, ilionyesha kwamba mapigano mengi ya bunduki hufanyika katika umbali usiozidi yadi 300, hivyo nguvu ya risasi kubwa, iliyokusudiwa kufika mbali zaidi ya hapo, ilikuwa ikibebwa bila kutumika. Risasi kamili ya 5.56 ina uzito wa takriban gramu 12, na ya 7.62 ya NATO takriban gramu 24. Kwa mzigo uleule, basi, askari hubeba risasi maradufu, na kwa kuwa bunduki humsukuma bega kidogo tu, huirudisha kwenye shabaha upesi.

Wapo pia wanaoamini kwamba risasi hizi huruka zikipinduka angani. Zingekuwa hivyo, zisingepiga chochote. Mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu huizungusha risasi ili itulie hewani. Inapoingia mwilini, ambamo mna msongamano mkubwa kuliko hewa, mzunguko huo hautoshi tena, risasi hugeuka ubavu, na ikiwa bado ina kasi kubwa huweza kuvunjika vipande. Risasi ya Kisovieti ya 5.45, iliyoingia jeshini pamoja na bunduki ya AK-74, ina nafasi tupu kwenye ncha yake, nayo hugeuka mapema. Haina sumu yoyote, ijapokuwa katika vita vya Afghanistan ilipewa jina la risasi ya sumu.

Kuhusu M16, bunduki ya Kimarekani inayotumia risasi ya 5.56, kukwama katika vita vya Vietnam, lawama nyingi hutupiwa udogo wa risasi, au Eugene Stoner aliyebuni bunduki hiyo. Hapa ukweli unaliaibisha zaidi jeshi lenyewe. Risasi za majaribio zilitumia baruti ya aina moja, kisha zile zilizopelekwa vitani zikajazwa aina nyingine, iliyoongeza kasi ya mitambo na kuacha masizi mengi. Chemba, yaani sehemu ya mtutu inamokaa risasi kabla ya kufyatuliwa, haikupakwa kromu, ikashika kutu kwenye unyevu, na askari wengi walikabidhiwa bunduki bila vifaa vya kusafishia. Kamati ndogo ya Bunge la Marekani iliyochunguza suala hilo mwaka 1967 ililikosoa jeshi vikali, na baada ya chemba kupakwa kromu na vifaa kusambazwa, bunduki ileile, kwa kipenyo kilekile, ikatulia.

Wala wazo la kupunguza nguvu na uzito wa risasi halikuzaliwa Marekani: Ujerumani ilitumia risasi fupi ya 7.92 katika Vita vya Pili vya Dunia, na Uingereza ilipendekeza ya milimita 7 kabla ya Wamarekani kuishinikiza NATO ichukue ile ya 7.62.

Siku hizi husemwa kwamba uteuzi wa risasi ya milimita 6.8 uliofanywa na Jeshi la Marekani mwaka 2022 unathibitisha kuwa kipenyo kidogo kilikuwa kosa. Risasi hiyo ilitafutwa hasa kwa sababu ya fulana za kuzuia risasi, tatizo ambalo mwaka 1957 halikuwa na uzito wa leo, na gharama yake inaonekana kwenye mkanda wa askari, ambaye akiitumia hubeba risasi 140 badala ya 210 za 5.56.