Programu huria mezani: kwa nini Linux bado haijashika ofisi zetu

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoiunda, uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuwagawia wengine, mradi afuate masharti ya leseni. Iliyo maarufu zaidi ni Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Kiini chake alikianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, na leo kinaendesha seva nyingi za intaneti na kila simu ya Android. Palipobaki pagumu ni mezani, kwenye kompyuta za ofisini na nyumbani, ambako Windows ya Microsoft bado inatamba.

Wengi hudhani tatizo ni ubora. Sidhani. Kuandika barua, kuingia mtandaoni, kutazama video, yote hayo Ubuntu, toleo mojawapo la Linux, inayafanya vizuri tu. Ila kompyuta huuzwa ikiwa na mfumo wake tayari, na nani ahangaike kubadilisha kitu kinachofanya kazi? Kwetu kuna na la ziada: fundi wa mtaani anakupigia Windows isiyo na leseni kwa hela kidogo, na Office juu yake. Ukimwambia mteja wake kwamba Linux ni ya bure, atakuuliza kwani hii aliyonayo aliilipia leseni lini.

Halafu kuna faili. Umeandika CV kwa LibreOffice, programu huria ya ofisi, ukurasa mmoja safi. Unaipeleka steshenari ikachapwe. Kule wana Word, fonti uliyotumia hawana, kompyuta inachomeka nyingine iliyo pana kidogo, jedwali linasogea na majina ya wadhamini yanaangukia ukurasa wa pili. Lawama zote ni zako na hiyo programu yako ya ajabu. (Ungeihifadhi kama PDF yasingetokea, lakini mwajiri naye huwa anataka ya Word.)

Lugha nayo ilijaribiwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kazi nzuri, lakini tafsiri peke yake haikuzihamisha ofisi.

Hata penye nia na fedha, mambo huyumba. Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, likahamisha kompyuta zaidi ya 10,000, kisha mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurudi Windows. Jimbo la Schleswig-Holstein, huko huko Ujerumani, nalo lilitangaza mwaka 2024 kwamba kompyuta zake kama 30,000 zitaachana na Office ya Microsoft na kutumia LibreOffice. Safari hii hoja kubwa ni serikali kutotegemea kampuni moja ya nje.

Kwa hapa kwetu, mlango ninaouona ni mwingine. Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haizikubali mashine nyingi za zamani. Laptopu za mtumba zimejaa madukani, na Linux Mint, toleo jingine la Linux, inazifaa. Sitarajii Windows ing'oke, ila shule na ofisi ndogo zinaweza kuhama. Kabla hujafuta chochote, iwashe Mint kutoka kwenye flashi, ujaribu printa yako na ile programu ya hesabu unayoitegemea.