Kabla hujapeleka makala kwenye saraka, soma masharti yake

Kazi yangu ni kuandaa makala za kampuni ndogo na taasisi, kisha kuzipeleka kwenye saraka za mtandaoni, yaani tovuti zinazopokea makala za watu mbalimbali, kuzipanga kwa mada na kuzihifadhi ili msomaji azipate kwa urahisi. Wateja wengi hunijia makala zikiwa zimeshakataliwa, na wanashangaa kwa sababu Kiingereza chake ni safi na habari zake ni za kweli. Mara nyingi jibu liko kwenye ukurasa ambao hawakuufungua, ule wa masharti kwa waandishi. Naomba nieleze masharti hayo yalikotoka, maana ukishajua sharti liliwekwa kuzuia nini, huna haja ya kulikariri.

Saraka za mwanzo ziliorodhesha tovuti nzima. Yahoo ilizaliwa hivyo mwaka 1994, ikiwa orodha ya tovuti iliyotunzwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo. Mwaka 1998 ikaja DMOZ, saraka nyingine ya tovuti, iliyohaririwa na watu wa kujitolea. Masharti ya DMOZ yalikuwa machache na makali. Tovuti iwe imekamilika. Ipelekwe mara moja tu, kwenye kundi linaloifaa zaidi. Jina liwe jina lake halisi, na maelezo yaseme ndani mna nini, bila kujisifu. Waliolalamikia ukali huo walikuwa wengi, lakini ndio ulioipa orodha ile uzito, kiasi kwamba Google nayo iliitumia kujengea saraka yake. DMOZ ilifungwa Machi 2017, ila ukisoma masharti ya saraka yoyote makini leo utakutana na yale yale.

Saraka za makala zilifuata. Iliyovuma zaidi, EzineArticles, ilianza mwaka 1999. Mapatano yalikuwa ya haki kabisa: mwandishi anatoa makala bure, saraka inapata wasomaji na matangazo, na mwandishi anapewa kisanduku kidogo mwishoni chenye jina lake, kazi yake na kiungo cha tovuti yake. Kilichoharibu mapatano hayo ni kwamba injini za utafutaji, kama Google, zilikuwa zikihesabu kila kiungo kama kura ya kuipandisha tovuti kwenye matokeo. Watu wakaanza kuandika kwa ajili ya kiungo, msomaji akasahaulika. Zikaja programu za kubadilisha maneno: unaingiza makala moja, kila neno linawekewa visawe vyake, na baada ya dakika chache una nakala mamia zinazosema jambo lile lile kwa lugha iliyopinda. Kila nakala inapelekwa saraka yake.

Februari 2011 Google ilibadilisha namna inavyopanga matokeo ya utafutaji, mabadiliko yaliyokuja kuitwa Panda, kwa jina la mhandisi wake, Navneet Panda. Yaligusa asilimia 11.8 ya utafutaji nchini Marekani, na saraka za makala zilikuwa miongoni mwa zilizoporomoka vibaya. EzineArticles ilijibu kwa kukaza kamba, ikiwemo kupandisha kima cha chini cha urefu hadi maneno 400. Aprili 2012 yakafuata mabadiliko ya Penguin, yaliyowalenga waliokuwa wakitengeneza viungo vya hila. Hadi sasa miongozo ya Google dhidi ya udanganyifu inavitaja waziwazi viungo vya saraka duni, pamoja na viungo vilivyopambwa maneno ya kutafutia ndani ya makala zinazosambazwa kwenye tovuti za wengine.

Ndiyo maana saraka inayopokea kila kitu naikwepa, hata ikiwa ya bure na hata ikiahidi kuchapisha papo hapo. Kukubaliwa mahali ambapo hakuna anayekataliwa hakumwambii msomaji lolote kuhusu wewe. Ninapochagua saraka, masharti yake ndiyo ninayoyasoma kwanza, na yakiwa marefu nafurahi.

Sasa tuingie kwenye kuyafuata. Tuseme kampuni ya Moshi inayopandisha wageni Kilimanjaro inataka kuchapisha makala. Kichwa kinachokataliwa ni kile cha "Safari Nafuu Kilimanjaro, Safari Bora Kilimanjaro, Weka Nafasi Leo". Kinachopita ni "Marangu au Machame: njia ipi inamfaa anayepanda kwa mara ya kwanza?" Kichwa hiki kinaahidi jibu, na makala ikilitoa, masharti mengi yanakuwa yametimia yenyewe. Eleza kwamba Marangu ndiyo njia yenye vibanda vya kulala na kwamba kwenye njia nyingine, Machame ikiwemo, mgeni hulala hemani. Linganisha na njia nyingine pia: eleza kwamba njia ya Lemosho kwa kawaida huchukua siku saba au nane, hivyo mwili unapata nafasi ya kuzoea hewa nyepesi. Eleza kwamba njia ya Rongai huanzia kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya, upande usiopata mvua nyingi kama pande nyingine. Mwandishi mwenye habari za namna hii hana shida ya kufikisha maneno 400, wala hashawishiki kurudia jina la mlima kila mstari ili injini ya utafutaji imwone.

Jina la kampuni lisubiri. Saraka nyingi huzuia kiungo kwenye aya za mwanzo, na nyingine hazitaki kabisa kiungo cha mwandishi ndani ya makala. Mahali pake ni kwenye kile kisanduku. Hapo weka jina la mtu halisi, kazi anayoifanya, na kiungo kimoja, viwili vikiruhusiwa. Kiungo kibebe jina la kampuni. Usikivike maneno kama "safari za bei rahisi Tanzania", maana hilo ndilo hasa Penguin ilikuja kulikomesha. Pia usikate tamaa ukigundua kwamba saraka huwekea viungo alama inayoiomba Google isivihesabu. Alama hiyo ipo tangu mwaka 2005 na ni dalili kwamba saraka inajilinda. Msomaji aliyevutiwa bado atabofya, na huyo ndiye mteja.

Sharti linaloeleweka vibaya kuliko yote ni la umiliki. Saraka ikisema makala iwe yako, inataka uwe na hakimiliki, basi. Unaweza kuwa umeshaichapisha kwenye tovuti yako. Ikisema makala isiwe imetokea popote pengine, hayo ni mambo mengine, na hata nakala iliyoko kwenye tovuti yako ni kosa. Soma maneno hayo polepole. Panapotakiwa makala mpya, andika mpya kweli, yenye swali jipya; kuigeuza ya zamani sentensi kwa sentensi hakufichi kitu, maana wahariri wana programu za kulinganisha maandishi na wanazitumia.

Lugha nayo ina lake. Saraka nyingi hupokea Kiingereza, na waandishi wetu wengi huandika Kiswahili kisha wakaiachia programu itafsiri. Mhariri huigundua tafsiri hiyo mapema. Fupisha sentensi kabla ya kutafsiri, punguza utangulizi mrefu wa heshima tuliouzoea, kisha mpe mtu anayeijua lugha aisome kwa sauti.

Kwa wasomi, mfano mzuri ni DOAJ, saraka ya majarida ya kitaaluma yanayosomwa bure, iliyoanzishwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi. Mwaka 2014 ilikaza masharti na kuyataka majarida yaliyokuwa yameorodheshwa yaombe upya. Mei 2016 iliondoa takribani majarida 3,300 ambayo hayakuwa yameomba kwa wakati. Mengine huenda yalikuwa na makala nzuri tu. Fomu ndiyo haikujazwa. Mhariri wa jarida hapa kwetu anayetaka kuingia humo ahakikishe kwanza jarida lina ISSN (namba ya kimataifa ya kulitambulisha jarida), leseni iliyoandikwa wazi inayosema msomaji anaruhusiwa kuzitumiaje makala, na anwani ya mtandaoni ya pekee kwa kila makala.

Ukikataliwa, soma sababu uliyopewa na urekebishe hilo tu, kisha urudishe makala kwa akaunti ile ile. Kufungua akaunti nyingine ili kumkwepa mhariri ndiyo njia ya haraka ya kufungiwa zote mbili. Ukikubaliwa, andika kwenye daftari lako jina la saraka, tarehe, na takwimu zozote zinazoweza kubadilika. Ada za kuingia Hifadhi ya Kilimanjaro zikipanda, yule mgeni anayepanga safari kwa kutumia makala yako atafika getini na fedha pungufu, kwa hiyo rudi kwenye saraka siku hiyo hiyo uirekebishe.