Mkanda Ukilia, Usikimbilie Spana

Corolla ile ililetwa na mwenyewe akiwa ameshakata tamaa. Wota pampu, ile inayozungusha maji ya kupooza injini, mbili ndani ya mwaka mmoja, na ya tatu nayo imeanza kuvuja. Kila mkanda wa injini, yaani fenibelti, ulipolia, fundi wa mtaani kwake alikuwa anaingiza mtaimbo kati ya injini na alteneta inayochaji betri, anavuta kwa nguvu zake zote, anakaza. Kelele inatulia siku mbili tatu, halafu inarudi.

Kwenye injini hiyo, 5A ya Toyota, mkanda mmoja unatoka puli ya krenki, shafti kuu ya injini, unapita kwenye wota pampu na kuzungusha alteneta. Ukivutwa kupita kiasi, wanaoumia ni beringi za hao wawili. Beringi ya wota pampu ikianza kuchezacheza, sili inaachia na maji yanatoka. Mteja anauziwa pampu, mkanda unavutwa vilevile, tunaanza upya.

Ndiyo maana gari likija linalia, mimi nachukua kwanza chupa ya kupulizia maji. Injini inaunguruma taratibu, mikono ya shati nimeikunja, nakaa mbali na feni, napuliza maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji. Mlio ukizidi, mkanda unateleza: umelegea, umechakaa au umelowa oili. Ukinyamaza na kurudi maji yakikauka, hasa ule mlio wa kukatakata kama wa kifaranga, puli hazijakaa kwenye mstari mmoja. Usipobadilika kabisa, zima injini, vua mkanda, zungusha kila puli kwa mkono usikilize beringi.

Corolla ilinyamaza kwa maji. Nikaweka rula ndefu kwenye uso wa puli: ya alteneta ilikuwa imeingia ndani kama milimita 4. Alteneta ya mtumba, imetoka gari jingine, imefungwa pale kwa sababu tu matundu ya bolti yalikubali. Hapo ungekaza hadi kesho.

Kurekebisha kwenyewe si kazi ngumu. Zima injini, chomoa terminali hasi ya betri. Hili wengi wanaliruka, mpaka siku spana inapogusa waya mkubwa wa alteneta na bodi kwa pamoja. Legeza bolti ya chini ambayo alteneta inaning'inia, kwenye Toyota nyingi ni spana ya 14, kisha ile ya kufungia kwenye mkono wa marekebisho, ya 12. Zungusha bolti ndefu ya kurekebishia kidogo kidogo. Minya mkanda kwa kidole gumba katikati ya kipande kirefu kati ya puli mbili, kwa nguvu ya kama kilo 10. Ukibonyea milimita 10 hivi, umefika. Mkanda mpya ubonyee pungufu ya hapo. Kama una kitabu cha gari lako, fuata kipimo chake, uachane na changu. Kaza bolti zote mbili, upime tena, maana kukaza nako kunasogeza.

Gari lisilo na bolti ya kurekebishia ndilo la mtaimbo. Hata hapo, uegemeze upande wa mbele wa alteneta. Kifuniko cha nyuma kinapasuka. Na lenye tenshena ya springi, puli inayouvuta mkanda yenyewe, halina cha kukaza: mkanda ukilegea, tenshena imechoka, badilisha.

Dukani usiseme tu "nipe fenibelti". Soma namba. 4PK maana yake mifereji minne, na tarakimu zinazofuata ni urefu kwa milimita. Halafu usingoje mipasuko kama kwenye mikanda ya zamani. Ya sasa, ya raba ya EPDM, inalika polepole kama tairi; mgongoni unaonekana mzima huku mifereji imeisha.

Kuupaka mkanda sabuni ya kipande ili unyamaze? Kelele inaondoka, na mshiko unaondoka nao.

Wenye Hiace za dizeli zenye injini iitwayo 3L wana sababu ya ziada ya kufungua boneti. Pampu ya vakyumu, inayofanya breki ziwe nyepesi kukanyaga, imekaa nyuma ya alteneta na inazunguka nayo. Mkanda ukikatika, mbali na chaji kupotea, pedali ya breki inakuwa ngumu kama jiwe, na wewe umebeba abiria. Mikanda ya Hiace hizo ni ya umbo la V, inashika kwa ubavu, kwa hiyo ukiona chini ya mfereji wa puli panang'aa, mkanda umezama na hauna kazi tena, hata uukaze vipi.

Corolla nayo ilifungwa puli inayolingana, wota pampu na mkanda mpya. Nikamwambia mwenyewe arudi baada ya wiki. Akarudi, nikauminya: umelegea kidogo, kama mkanda mpya unavyofanya. Nikazungusha bolti nusu raundi, akaondoka. Hiyo nusu raundi huwa siichaji.